Akogo: Mwanagenzi Aanzie Wapi?

Mtu anayeishika akogo kwa mara ya kwanza hutazama vyuma. Huvihesabu, huvijaribu kimoja kimoja, kisha hukata tamaa kwa kuwa hakuna wimbo unaotokea. Kwa Wateso wa Tororo na wenzao wa Amukura na Malaba, upande wa Kenya, ala hii ni ya kundi. Naamini mwanagenzi naye afunzwe hivyo: apewe kazi moja ndogo iliyokamilika ndani ya kundi, si ala nzima peke yake.

Tuanze na chombo chenyewe. Akogo ni kisanduku cha mbao chenye ndimi za chuma kilichofuliwa, zilizobanwa juu ya ubao. Gumba hubonyeza ncha ya ulimi na kuiachia, chuma kikalia. Ni ndugu wa ilimba ya Wagogo wa Dodoma na likembe ya Kongo, ambayo mwanzoni mwa karne ya 20 ilisafiri na wapagazi na vibarua hadi ikafika Uganda.

Somo la kwanza ni sikio. Ulimi ukisukumwa ndani, sehemu iliyo huru hufupika na sauti hupanda. Ukivutwa nje, sauti hushuka. Nta kidogo ikibandikwa chini ya ncha, sauti hushuka pia. Anayeanza kwa kulinganisha vyuma vyake na akogo ya kiongozi hujifunza kusikiliza kabla gumba halijazoea mwendo.

Somo la pili ni mzunguko. Chagua ndimi tatu au nne tu. Gumba la kulia lipige, la kushoto lijibu, na sauti hizo zirudiwe bila kukatika. Kosa la kawaida ni kukimbilia kasi. Gumba likikaza, mlio hufa. Likilegea, chuma huimba. Dalili ya kuwa mzunguko umeshika ni mwanagenzi kuweza kuitikia wimbo huku magumba yakiendelea.

Somo la tatu ni nafasi. Makundi ya Wateso huchanganya akogo ndogo, za kati na kubwa. Ndogo hurembesha tuni, kubwa hushika besi. Mgeni aketishwe penye besi. Sauti zake zitakuwa chache, lakini akikosea kundi zima litayumba, kwa hiyo tangu siku ya kwanza anajua kwamba anahitajika. Vidole vikizoea, ahamie akogo ya kati, kisha ndogo.

Ngazi za namna hii zipo pia kwa wapigaji wa zumari ya mfuko ya Ayalandi, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2017. Hewa yake hutoka kwenye mivukuto inayokandamizwa kwa kiwiko, na jina lake, uilleann, limetokana na kiwiko hicho. Mwanzoni mwanafunzi hupewa mfuko, mivukuto na bomba la kupigia tuni, basi. Mabomba matatu ya mvumo huongezwa baadaye, na yale ya kupigia sauti za kuandamana huja mwisho kabisa. Tofauti ni kwamba Mwayalandi hupunguziwa ala, na Mteso hupunguziwa jukumu. Naona njia ya Wateso ina faida moja kubwa: mwanagenzi husikia muziki mzima ukimzunguka tangu saa ya kwanza.

Ndiyo maana sishauri kumfungia kijana chumbani na akogo yake. Akogo haina sauti moja iliyowekwa kwa wote. Kila kundi hulingana kwa masikio yake. Mpigaji wa Amukura akivuka Malaba kwenda kucheza Tororo, kwanza atainamisha kichwa, asikilize, kisha asukume vyuma vyake kidogo kidogo mpaka vikubaliane na vya wenyeji. Hata bingwa, akikuta kundi jipya, hurudi kwenye somo la kwanza.