Pumzi ya Paa

Msomaji wa Mombasa au Lamu akitaja paa la nyumba, midomo huachana kavu. Akimtaja paa wa porini, nyuma ya ile p hutoka pumzi fupi, laini, ndipo irabu iingie. Maandishi yetu ya Kirumi huyaandika maneno haya kwa herufi zile zile. Wapo wataalamu wanaotia alama na kuandika p'aa, ila vitabu vingi havina alama hiyo. Kaa la moto na kaa wa baharini nao wako hivyo hivyo. Kwa hiyo utenzi wa Kiamu ukisomwa na mtu aliyelelewa na lahaja hiyo, sauti yake inabeba jambo ambalo ukurasa uliliacha. Kitabu cha sauti hapo si kivuli cha kitabu cha karatasi. Ni toleo lenye fani yake, na katika fani hiyo mimi nahesabu pia umbizo la faili.

Nilikaa na maikrofoni nikarekodi paa na paa, kaa na kaa, kisha beti kumi za Utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858. Halafu nikaipitisha rekodi katika njia ambayo kitabu cha sauti huweza kupitia: MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde, kutoka hapo umbizo la M4B, kisha MP3 tena ya kilobiti 32. Nikasikiliza kila nakala kwa visikizio, kipande kwa kipande.

Kipande cha utenzi kina mizani nane. Vina vya vipande vitatu hulingana, cha nne hubeba kina cha bahari, na sikio hukisubiri. Katika nakala ya mwisho vina vyote vilikuwepo, maana vina vyetu hukalia irabu, na irabu zina nguvu. Kilichofifia ni mlango wa silabi. P yenye pumzi ilisogea karibu na p kavu, na kabla yake, pale midomo ilipokuwa imefungwa na kimya kilitakiwa kuwa kimya, palisikika mchakacho mdogo, kama mtu anayekunja karatasi chumba cha pili.

Mchakacho ule una chanzo. MP3 huikata sauti katika mafungu ya sampuli 1,152, yaani kama milisekunde 26 kwa rekodi ya sampuli 44,100 kwa sekunde. Makosa ya kubana husambaa ndani ya fungu, hivyo kishindo kikiwa mwishoni mwake, uchafu wake husikika kabla ya kishindo chenyewe. Ngoma na zumari zingeuficha. Sauti ya mtu mmoja haina pa kuuficha. Karlheinz Brandenburg, mmoja wa Wajerumani waliounda MP3, aliuona ugumu wa sauti ya mtu mmoja alipojaribu kubana wimbo wa Suzanne Vega, “Tom's Diner”, unaoimbwa bila ala yoyote. Sauti ile pweke iliharibika vibaya, naye akaufanya wimbo huo kipimo cha kurekebishia kazi yake. Msomaji wa utenzi yuko katika hali ile ile.

Lakini pumzi ya paa ina hatari yake ya pekee, na hapa ndipo ninapotaka wahariri wetu wa sauti wasimame. Pumzi ile, kwa kipimo cha mashine, ni kelele. Haina noti, ni hewa inayopita. Programu ya kubana huonea kelele hafifu iliyo jirani na sauti kubwa, ikiamini sikio halitaisikia. Programu ya kusafisha rekodi ni kali zaidi: nilipoiwasha kwa nguvu ili kuondoa mvumo wa feni, feni iliondoka pamoja na pumzi. Mashine haikujua kwamba hewa ile ndiyo inayomtenga mnyama na paa la nyumba. Tangu siku hiyo nazima feni kwanza, ndipo nirekodi.

Ubadilishaji wenyewe hauwezi kuongeza kitu. Faili ya kilobiti 64 ikigeuzwa kuwa ya 320, inanenepa tu, na maji yakimwagika hayazoleki. Tena kibanaji cha pili hudhani makosa ya cha kwanza ni sehemu ya sauti, kikayatunza kwa uaminifu. Ndiyo maana ni lazima kubaki na WAV au FLAC, ambazo hazitupi kitu, na kila nakala itoke humo moja kwa moja. Kutoka M4A kwenda M4B hakuhitaji kubana upya hata kidogo: ndani kwa kawaida mna sauti iliyobanwa kwa AAC ile ile, na programu ya FFmpeg inaweza kuuhamisha mkondo wa sauti bila kuugusa. Msomaji mmoja apewe chaneli moja, si stirio, ili biti zote zimtumikie yeye.

Na sampuli zisipunguzwe ovyo. Rekodi ya sampuli 16,000 kwa sekunde haiwezi kubeba masafa yanayozidi hezi 8,000, ilhali sehemu ya nguvu ya s iko huko juu, na th ni nyepesi kuliko s. Thawabu ikisikika sawabu, ubeti umebadilika maana huku mizani yake ikiwa kamili.

Nakala za majaribio nimezifuta. FLAC imekaa katika diski mbili, na kutoka humo nimetoa Opus ya kilobiti 32 kwa ajili ya simu. Opus ilisanifiwa mwaka 2012 na matamshi ya binadamu inayamudu vizuri kwa biti chache. Nimeisikiliza usiku, feni ikiwa imezimwa. Paa wa porini yumo, na pumzi yake.