Riwaya za Kifunguamimba: Waandishi Wenye Asili ya Kihindi na Msomaji wa Nile Magharibi

Riwaya ya kwanza ya mwandishi ni kifunguamimba chake. Aghalabu mtunzi humpakia mzigo wote wa nyumba: jina la babu, siri ya bibi, deni la baba na kisasi cha ukoo. Ndiyo maana riwaya za namna hii huwa na kasoro nyingi za fani, lakini pia huwa na ukweli ambao mtunzi hataurudia akishakomaa. Huko Bara Hindi, Arundhati Roy alipata tuzo ya Booker mwaka 1997 kwa riwaya yake ya kwanza, The God of Small Things, na Aravind Adiga akaipata mwaka 2008 kwa yake, The White Tiger. Wote wawili waliandika kwa Kiingereza. Lakini sisi walimu wa Kiswahili wa Lurujo, katika pande hizi za Arua na Koboko, hatuna haja ya kuvuka bahari ili kuwasoma waandishi wenye asili ya Kihindi. Wako waliozaliwa katika habari yetu wenyewe, na baadhi yao wanatutaja bila kutujua.

Tuanze na wawili wa mwanzo. Bahadur Tejani alitoa Day After Tomorrow mwaka 1971, na Peter Nazareth, Mgoa mzaliwa wa Kampala, akatoa In a Brown Mantle mwaka 1972. Vitabu vyote viwili vilichapishwa na East African Literature Bureau ya Nairobi. Jambo hilo si dogo. Watunzi hawa walimwandikia msomaji wa Afrika Mashariki, wakiwa bado wanajihesabu kuwa wenyeji, kwa hiyo hawakulazimika kumweleza mtu duka ni nini.

Dhamira ya Tejani ni muungano. Samsher, mtoto wa mwenye duka, anaukataa ulimwengu wa mizani na daftari la madeni, anamwoa Nanziri, na ndoa hiyo inafanywa mfano wa taifa jipya. Nia ni njema, lakini kwa upande wa fani riwaya inayumba. Wahindi wamepakwa rangi ya ubaridi wa roho, na Waafrika wamepewa uhai na uchangamfu kana kwamba ni maumbile yao. Nanziri anabeba bara zima mabegani. Hapati nafasi ya kuwa mwanamke mmoja mwenye hasira zake na makosa yake. Kumsifu mtu kupita kiasi nako ni kutomwona.

Nazareth ana jicho kali zaidi. Msimulizi wake, Joseph D'Souza, ni Mgoa aliyeingia katika siasa za nchi ya kubuni iitwayo Damibia, akaishia uhamishoni London. Hajitakasi. Anakiri jinsi alivyoanza na maneno ya haki kisha akaionja rushwa, na anaonyesha jinsi mtu wa jamii ndogo anavyotumiwa leo na kusukumwa kando kesho. Riwaya hiyo ilibashiri kufukuzwa kwa Wahindi, na mwaka ule ule wa 1972, tarehe 4 Agosti, Idi Amin akatangaza amri hiyo. Walipewa siku 90. Ni nadra fasihi kuthibitishwa upesi namna hiyo, tena kwa njia chungu namna hiyo.

Baada ya hapo mahali pa kuandikia pakahama. M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam, aliandika The Gunny Sack akiwa Kanada. Ilitoka mwaka 1989, na mwaka 1990 ikapata tuzo ya Jumuiya ya Madola kwa upande wa Afrika. Salim Juma anarithi gunia la vikorokoro kutoka kwa Ji Bai, na kila kinachotolewa humo kinaleta kisa. Kisa cha msingi ni cha Dhanji Govindji na mtumwa Taratibu, aliyemzalia mtoto Huseni. Hapa Vassanji anamzidi Tejani. Muungano wa damu, anatuambia, ulikwisha kutokea zamani, lakini ulitokea kwa utumwa, ukafichwa gunini. Hatuupati kwa kuutamani. Tunaupata kwa kukubali aibu yake.

Walimu wenzetu watapenda pia Kiswahili kilichomo. Neno gunia na neno la Kiingereza lililo katika jina la kitabu yana shina moja la Kihindi. Duka, gari, bima na chapati nayo yamepita njia hiyo hiyo. Katika riwaya ya Vassanji Kiswahili si pambo. Ni lugha wanayogombania na kupendania watu, na ukikiondoa hadithi inabaki mifupa. Hicho ndicho kipimo tunachopendekeza kwa riwaya zilizofuata.

Hizo zimetoka kwa wingi karibu na nusu karne baada ya amri ile. Mwaka 2021 zilitoka Kololo Hill ya Neema Shah na We Are All Birds of Uganda ya Hafsa Zayyan. Mwaka 2023 ikafuata A History of Burning ya Janika Oza. Zote ni za kwanza, na zote zimeandikwa na kizazi kilichosikia habari za Uganda kutoka kwa wazee. Shah anaifuata familia moja ya Kampala hadi Uingereza, na jambo bora katika kitabu chake ni December, mtumishi wa nyumbani ambaye askari wa Amin wanawawinda watu wa kabila lake. Kwa njia yake tunakumbushwa kwamba waliofukuzwa waliondoka na roho zao, na wengine waliobaki hawakuwa na ndege ya kupanda. Oza anaanza mwaka 1898 na Pirbhai, kijana aliyechukuliwa kutoka Gujarat kuja kujenga reli, akaamriwa kuteketeza kijiji cha watu. Dhambi hiyo inaifuata familia vizazi vinne. Huu ni ujasiri: mtunzi hamwoni babu yake kuwa mtu asiye na hatia. Zayyan naye anamrudisha Sameer Kampala kutoka London, akampenda Maryam, msichana Mwafrika. Swali lililo mbele yao ni lile lile la Samsher na Nanziri. Miaka 50 imepita, nalo bado halijajibiwa.

Sasa tuseme lililotufanya tuishike kalamu. Katika riwaya hizi mpya askari ni kofia, bunduki na sauti ya kutisha. Aghalabu hana mama wala kijiji. Lakini wanafunzi wetu wanajua kijiji chake. Ukoo wa Amin una mizizi Koboko, na jina la Nile Magharibi likitajwa mbele ya wengine, mtoto wa hapa huinamisha kichwa kwa kosa ambalo hata babu yake huenda hakulitenda. Amin alipoangushwa mwaka 1979, kisasi kilifuata. Mwaka 1980 watu wa Arua na Koboko walivuka mipaka kwa maelfu kuingia Zaire na Sudan, na tarehe 24 Juni 1981 raia waliokimbilia misheni ya Ombaci waliuawa humo humo. Hawa hawakupewa siku 90.

Hatudai kwamba waandishi wale wawaombee wauaji msamaha. Maovu yalitendwa, na mwenye kuporwa ana haki ya kulia. Wala hatumlaumu Shah au Oza kwa kutoandika kitabu ambacho hakikuwa chao. Tunachosema ni hiki: aliyefukuzwa dukani Kampala na aliyekimbia shamba lake Koboko ni majirani katika msiba, na hakuna riwaya kati ya hizi sita iliyowakutanisha. Pengo hilo si la kuzibwa na Mhindi aliye Toronto. Ni letu.

Hapo ndipo lugha inapoingia. Kwa miaka mingi Kiswahili nchini Uganda kimebebeshwa lawama ya kuwa lugha ya askari. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na jambo hilo likakiongezea uchungu. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe shuleni. Lakini amri haiondoi uchungu, hadithi huweza. Huku kwetu Kiswahili kilikuwa pia lugha ya kupatana bei kati ya mwenye duka wa Arua na mama aliyeleta ufuta wake. Riwaya itakayowarudisha wawili hao kwenye kaunta moja itafanya kazi ambayo hakuna sheria iwezayo kuifanya.

Kwa hiyo tunawashauri walimu wazisome riwaya hizi na wanafunzi wakubwa, na wasizisome kwa kujitetea. Waanze na Nazareth, kwa kuwa anawafundisha vijana namna ya kukiri. Wamfuatishe Vassanji, kwa kuwa anawafundisha kufungua gunia. Kisha wampe kila mwanafunzi karatasi, wamwambie aende nyumbani akamwulize bibi yake mwaka 1980 walivuka mto gani, nani alibaki nyuma, na duka la Mhindi lilikuwa mtaa gani. Majibu hayo yaandikwe kwa Kiswahili. Kifunguamimba chetu huenda kikazaliwa humo.