Shajara ya Mfungwa wa Manda

Ewe msomaji, ukisimama pwani ya Ukunda waitazama bahari ile ile iliyomzunguka Gakaara wa Wanjau kisiwani Manda, karibu na Lamu. Mwandishi huyo alikamatwa Oktoba 1952, akatiwa kizuizini miaka mingi. Shajara yake, iliyoandikwa kwa Kikuyu, ilichapwa mwaka 1983, ikapata Tuzo ya Noma mwaka 1984. Mtindo wake ni mkavu: tarehe, tukio, barua kwa mkewe. Huenda ukauona ukavu huo kuwa upungufu, mimi sikubali. (Nani, akiwa chini ya mlinzi, atasifu minazi?) Asimuliaye uzeeni aujua mwisho wa kisa chake. Huyu aliandika tarehe ya leo pasipo kujua iwapo atarudi kwao.