Waashi wa Tumbawe

Mwashi wa Buyenzi akishapanga kozi mbili tatu za matofali, hushusha timazi, hufumba jicho moja, kisha hugonga tofali kwa mpini wa mwiko, kidogo tu. Nikipita hapo husimama kumtazama, hata kama nina haraka. Bujumbura tunajenga kwa udongo wa kuchoma, na mji wenyewe bado mchanga: Wajerumani walianzisha kituo chao cha Usumbura, kama ulivyoitwa zamani, mwaka 1897. Anayetaka kuona uashi wa Waswahili uliokula karne na karne hana budi kushuka pwani, hadi Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani.

Ukumbi wake wa kaskazini asili yake ni karne ya 11, na jiwe lake ni la baharini. Tumbawe laini lilichongwa likiwa bado bichi, maana likitoka majini hukubali patasi kama muhogo unavyokubali kisu. Likikauka juani, hugoma. Kwa hiyo mchonga mihrabu alikimbizana na jua. Mwenzake wa chokaa hakuwa na pupa: alichoma matumbawe juu ya rundo la magogo, akaizima chokaa kwa maji, akaiacha shimoni iive kwa miezi.

Kisha kuna boriti. Vyumba vya nyumba za mawe za pwani ni vyembamba, upana wa mita 2.5 hadi 3 hivi, kwa sababu mti wa mkoko uliobebeshwa dari la mawe hauwezi zaidi ya hapo. Mti ndio uliopanga nyumba. Ndiyo maana nawapenda zaidi waashi wa mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, walioikataa amri ya boriti wakainua matao na kuba katika Msikiti Mkuu. Walivuka mpaka: nguzo zao za tumbawe zima hazikuhimili, paa likaporomoka. Karne ya 15 waliowafuata wakasimamisha nguzo za pembe nane, za mawe na chokaa, na nyingi zimesimama hadi leo. Watu husifu kuba. Mimi nalisifu na lile paa lililoanguka, kwani ndilo lililowafunza waliokuja baadaye.

Ireland, waliojenga kikanisa cha Gallarus walipata jibu jingine la kuezeka bila boriti. Walipanga mawe makavu, kila kozi ikiingia ndani kidogo kuliko ya chini yake, hata kuta zikakutana juu. Mvua haipenyi.

Lakini Kilwa, bila chokaa hakuna ukuta. UNESCO iliyaweka magofu yake kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, ikayaondoa 2014. Lakini katika kuyakarabati, saruji si mbadala wa chokaa: ni ngumu kuliko tumbawe. Hufungia unyevu na chumvi ndani, na jiwe likaanza kumeguka. Fundi wa leo anayekwenda kukarabati huko bora auache mfuko wake wa saruji Kilwa Masoko, upande wa bara, avuke na mwiko peke yake, na aanze kwa kuchimba shimo la chokaa.