Shahada Mbili na Amri ya Nane

Mtaala wa chuo ni andiko, na kama andiko lingine lolote unaweza kuhakikiwa. Utangulizi wake aghalabu husifu kila kitu. Ukweli wake umo katika orodha ya kozi za lazima. Yale ambayo mwanafunzi anaruhusiwa kuyasoma akipenda yanaweza kuwa mapambo tu, bali yale ambayo hawezi kuhitimu bila kuyapita ndiyo yanayoonyesha chuo kinaamini nini. Kwa macho hayo tunakusudia kusoma masharti ya shahada mbili za kwanza zinazotolewa chini ya paa moja katika vyuo vikuu kadhaa vya Kikristo vya Marekani, nazo ni mafunzo ya mahusiano ya tamaduni na uandishi wa habari. Jambo hili si la Wamarekani peke yao. Vyuo vyetu navyo vimefundisha fani hizo, na wahitimu wake tunakutana nao katika ofisi za dayosisi, katika redio na katika magazeti.

Tuchukue mfano wa Biola, iliyoanzishwa Los Angeles mwaka 1908 ikiwa chuo cha Biblia, ikahamia La Mirada mwaka 1959, kisha ikaitwa chuo kikuu mwaka 1981. Kwa miongo mingi Biola ilimtaka kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza, awe wa muziki, wa biashara au wa habari, asome krediti 30 za Biblia na theolojia, yaani karibu robo ya shahada nzima. Sisi Walutheri hatuna budi kutofautiana na sehemu ya urithi wake. Mmoja wa waasisi wake, tajiri wa mafuta Lyman Stewart, ndiye aliyegharimia vijitabu vya The Fundamentals kati ya mwaka 1910 na 1915. Hata hivyo sharti hilo linastahili heshima. Ni vyuo vingapi vya kanisa vinavyothubutu kumwambia mwandishi wa habari mtarajiwa kwamba bila kumjua nabii Amosi hatapewa shahada?

Lakini krediti za Biblia kuwekwa kando ya krediti za fani si sawa na kukutana nazo. Mwanafunzi husoma Amosi asubuhi na uhariri alasiri, naye huachiwa mwenyewe kazi ya kuunganisha. Udhaifu huo huonekana zaidi tunapozilinganisha shahada zenyewe. Kwa kawaida mwanafunzi wa tamaduni hudaiwa anthropolojia, misingi ya isimu, dini za ulimwengu, na muda wa kuishi miongoni mwa watu wasio wake. Anafunzwa kusikiliza muda mrefu kabla ya kusema. Mwenzake wa habari hudaiwa kuandika upesi, kuhakiki majina na tarehe, kujua sheria na maadili ya kazi, na kufanya mazoezi katika chumba cha habari. Kila mmoja anakosa kile ambacho mwenzake analazimishwa kukipata. Wa kwanza huandika juu ya watu, na msomaji wake ni mwalimu tu. Wa pili huandika kwa ajili ya watu, lakini anaweza kuhitimu bila kujifunza hata salamu za jamii anayoiandikia.

Hasara ya upande wa kwanza tunaijua vizuri katika historia yetu. Bruno Gutmann wa Misioni ya Leipzig, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, aliwasikiliza Wachaga kwa subira ambayo wachache wameifikia. Kitabu chake kikubwa kuhusu sheria zao kilitoka mwaka 1926, kwa Kijerumani. Wazee waliomsimulia hawakuwa na njia ya kukisoma na kusema, hapa umekosea, hapa umepamba, hapa umelisema la ukoo mmoja kama la wote. Hatusemi kwamba Gutmann alidanganya. Tunasema kwamba hakuna aliyekuwa katika nafasi ya kumsahihisha isipokuwa wasomi waliokuwa mbali kuliko yeye. Mwandishi wa gazeti, hata awe mdogo kiasi gani, hana raha hiyo: kesho yake asubuhi mtu aliyetajwa anaweza kubisha hodi ofisini akiwa na gazeti mkononi.

Kuna jambo jingine, nalo linatusumbua zaidi. Mwaka 1965 Seminari ya Fuller ilianzisha shule ya misioni ya ulimwengu chini ya Donald McGavran; mwaka 2003 shule hiyo ilibadilishwa jina na kuitwa ya mafunzo ya mahusiano ya tamaduni. Vyuo vingi vimefanya vivyo hivyo. Zipo sababu za kitaaluma, na neno misioni kweli lina harufu ya ukoloni isiyotoka kwa kunawa mara moja. Lakini sababu inayotajwa mara nyingi ni nyepesi zaidi: mhitimu anayeomba kibali cha kuishi katika nchi isiyowataka wamisionari hupata shida cheti chake kikiwa na neno hilo. Basi tufikiri. Katika jengo moja mwanafunzi anafundishwa kwamba kuficha nia yako mbele ya unayemhoji ni kosa la kazi; katika jengo la pili anakabidhiwa cheti ambacho jina lake limechaguliwa, angalau kwa sehemu, ili nia isisomeke. Tunawahurumia wanaofanya kazi katika mazingira magumu, wala hatumwiti yeyote mwongo. Ila chuo kinachotoa shahada zote mbili kina wajibu wa kulijadili jambo hili wazi darasani, tena kama somo la lazima.

Hapo ndipo amri ya nane, kwa hesabu yetu ya Kilutheri, ingefaa kuwa kozi badala ya kuwa kumbukumbu ya kipaimara. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 Luther hakuridhika na kukataza uongo. Alitaka tumtetee jirani, tumseme vizuri na kuyafasiri mambo yake kwa wema. Mwanafunzi wa habari atauliza mara moja: na mweka hazina aliyekula sadaka, naye tumfasiri kwa wema? Jibu limo katika Katekisimo Kubwa. Humo Luther anatofautisha kosa la siri, ambalo lishughulikiwe kati ya watu wachache kama Mathayo 18 inavyoelekeza, na uovu ulio peupe, ambao unaweza kukemewa peupe bila mtu kuhesabiwa msingiziaji. Kurasa hizo chache zina uzito kuliko vitabu vingi vya maadili ya habari, na zinamfaa vilevile anayeandika juu ya mila za watu. Naye anashuhudia habari za jirani.

Kwetu jambo hili lina mahali pake. Kanisa letu lilianzisha Chuo Kikuu cha Tumaini mwaka 1997, na tawi lake la Iringa, ambalo baadaye lilikuwa Chuo Kikuu cha Iringa, lilitoa shahada ya uandishi wa habari na pia shahada ya anthropolojia ya utamaduni pamoja na utalii. Hivyo fani hizi mbili zilipata kukaa jirani chini ya mwamvuli wa kanisa. Kabla ya shahada hizo, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani liliendesha redio ya Sauti ya Injili huko Addis Ababa tangu mwaka 1963 hadi serikali ya kijeshi ilipoitaifisha mwaka 1977, na Moshi palikuwa na studio ya vipindi vya Kiswahili. Sehemu kubwa ya vipindi haikuwa mahubiri, bali habari, elimu na burudani. Mtangazaji alilazimika kuwajua wasikilizaji wake na kuihakiki habari yake kwa wakati mmoja, kwa sababu kazi yenyewe haikumruhusu kuchagua.

Shahada zetu leo zimeweka ukuta ambao kazi haina. Tena zimeongeza wa pili: mwanafunzi hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, kisha akaajiriwa na gazeti au redio ya Kiswahili, na kutumwa kwa watu wanaofikiri kwa Kihehe au Kimaasai.

Tunapendekeza sharti moja kwa wote. Kila mwanafunzi wa fani hizi aandike, kwa Kiswahili, habari ya jamii isiyo yake. Kisha arudi akawasomee wenyewe kabla ya kupewa alama. Tunajua waandishi watapinga, kwamba anayeandikwa hapaswi kuonyeshwa andiko mapema asije akalibadili. Pingamizi hilo ni la haki, na dawa yake ni mpaka: wenyeji wasahihishe majina, maneno na matukio, wasiwe na mamlaka juu ya hukumu ya mwandishi, na yale wanayoyapinga yaambatanishwe. Gharama si kubwa sana. Shahada ya miaka mitatu nchini ina krediti 360, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa kumi za kazi ya mwanafunzi. Krediti kumi zingetoa saa mia moja: nyingi za kusikiliza, chache za kuandika, na alasiri moja ya kukaa barazani akisoma kwa sauti, huku wanaotajwa wakimkatiza.