Mapenzi na Siasa ya Dunia katika The Constant Gardener

Filamu ya The Constant Gardener (2005), iliyoongozwa na Fernando Meirelles kutokana na riwaya ya John le Carré (2001), husifiwa kwa kufichua ukatili wa makampuni ya dawa barani Afrika. Tunadai hapa kwamba nguvu yake imo katika mapenzi yasiyotamkwa. Baada ya mkewe Tessa kuzaa mtoto mfu jijini Nairobi, Justin, mwanadiplomasia wa Uingereza, anakataa kumpakia garini kijana Kioko, anayerudi kwao kwa miguu na kichanga cha dada yake marehemu. Wahitaji, asema, ni wengi mno. Tessa anajibu kwamba hawa walio mbele yao wanaweza kusaidiwa. Tessa akisha kuuawa, Justin, akiwa Sudan, anamsihi rubani amchukue mtoto mmoja kwa hoja iyo hiyo. Hapo ndipo mgane huyu anapompenda mkewe kikamilifu: kwa kuirithi hoja yake.

Walakini mtazamaji wa Meru au Embu, aujuaye mwendo wa miguu kutoka hospitalini, atauliza: mbona Kioko hana hoja yake mwenyewe? Wakenya wamegawiwa maradhi na kifo. Mapenzi yenye kauli wamewekewa wageni.