Kulea Bila Kumiliki

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mtoto wa sokwe anayefikishwa Lubumbashi mara nyingi naye huja na kamba yake, ila yeye hufungwa kiunoni. Kamba ikikaa miezi juu ya mwili unaokua huzama ndani ya ngozi, manyoya yakaifunika, na siku ya kuiondoa hukatwa kwa makasi madogo, uzi baada ya uzi, huku mtu wa pili akiwa amemkumbatia mtoto ili asijitupe. Wengi watamsifu mwenye makasi. Mimi nataka kumsifu huyo wa pili, mwenye kukumbatia, kwa sababu kazi yake haina hata jina lililokubalika. Kwenye karatasi ya mshahara ataandikwa mtunza wanyama, mtaani ataitwa mtu wa zoo, na wapita njia watamwona akitembea na sokwe mchanga kifuani waseme ana huruma sana yule. Huruma anayo, lakini hiyo hata aliyemnunua sokwe huyo sokoni alikuwa nayo. Kinachomtenga mlezi na mnunuzi ni ufundi, sawa na ule wa mkunga au wa fundi saa, na sehemu ngumu kuliko zote ya ufundi huo ni kujua kukataa.

Lubumbashi si kwao sokwe. Hapa ni nchi ya miombo na shaba; misitu yao iko mbali kaskazini, Maniema, na milima inayoliangalia ziwa Tanganyika. Wanafika kwa sababu mji huu ni mlango. Reli inapita hapa, ndege zinatua hapa, na ukishuka kwa gari kusini unaingia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ambako malori hupanga foleni usiku na mchana. Mwaka 2006 Franck na Roxane Chantereau walianzisha ndani ya bustani ya wanyama ya mji makao ya yatima hawa, yakaitwa J.A.C.K., herufi za maneno ya Kifaransa Jeunes Animaux Confisqués au Katanga: wanyama wachanga walionyang'anywa katika Katanga. Neno la kushikilia hapo ni walionyang'anywa. Hawakununuliwa. Serikali huwakamata kwa sheria, ndipo makao yanawapokea. Anayemlipa mwindaji dola mia ili kumwokoa mtoto mmoja amemtuma arudi msituni kuleta wa pili, na mtoto wa sokwe hachukuliwi bila mama yake kuuawa, mara nyingi pamoja na wengine wa kundi waliojaribu kumtetea. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2013 kuhusu biashara ya sokwe na jamaa zao ilikadiria kwamba kwa uchache 22,218 walikuwa wamepotea porini tangu mwaka 2005 kwa sababu ya biashara hiyo. Hesabu hiyo inawajumlisha pia waliouawa katika uwindaji na waliofia kifungoni. Basi ufundi huu unaanza kabla mtoto hajaguswa: unaanza kwa kumwona akiuzwa, macho yake yakikutazama, nawe ukaacha kutoa pesa.

Mtoto akishafika, Waswahili walikwisha kusema: kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Na mwana huyu ana madai. Porini hunyonya hadi miaka minne au mitano. Miezi ya mwanzo habanduki kifuani mwa mama, baadaye hupanda mgongoni. Watu hudhani yatima huuawa na njaa, kumbe njaa si yote. Mwaka 1958 mtaalamu mmoja wa Marekani, Harry Harlow, alichapisha majaribio ambayo leo tungeyaita ukatili, lakini funzo lake halikanushiki: watoto wa kima walipewa mama wawili wa bandia, mmoja wa waya mwenye chupa ya maziwa, mwingine wa kitambaa laini asiye na chochote. Walimng'ang'ania wa kitambaa mchana kutwa, wakimwendea wa waya kunyonya tu. Jirani yetu Tanzania, kule Gombe, sokwe jike aliyeitwa Flo alipokufa mwaka 1972 mwanawe Flint alikuwa na miaka minane hivi, anajua kujitafutia chakula. Alikaa karibu na pale mama alipofia, akaacha kula, na wiki chache baadaye akafa. Kwa hiyo mlezi anayeelewa kazi haanzi na maziwa. Anaanza na mwili wake. Anamvaa mtoto kama mama wa kwetu anavyombeba wake kwa kitenge, anafagia naye, anaosha vyombo naye, anakaa chini, anapambua manyoya yake kwa vidole huku akipiga midomo kwa sauti ndogo kama afanyavyo sokwe mwenyewe. Chupa anampa mtoto akiwa ameketi wima, kamwe si chali, kwa kuwa maziwa yakiingia mapafuni siku tatu zinatosha kumzika. Mlezi akiwa na mafua haji kazini, maana mafua yetu mepesi yameshaua sokwe wazima porini, sembuse mchanga aliyekonda. Na mtoto aliyezoeshwa bukari na soda nyuma ya nyumba ya mtu atamrudisha taratibu kwenye matunda na majani, akivumilia kususiwa.

Hadi hapo msomaji anaweza kuniambia: haya ni mapenzi, ufundi uko wapi? Uko katika jambo linalofuata, na kulieleza nitahitaji kumwita shahidi wa mbali kidogo. Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani kuna watu wa kujitolea ambao kila majira ya kuzaliana hupanga zamu chini ya majumba marefu wakilinda makinda ya kozi, yule ndege mwindaji anayeshuka kwa kasi ipitayo kilomita 300 kwa saa. Kozi nusura atoweke huko katikati ya karne iliyopita, kwa kuwa dawa ya wadudu ya DDT ilikuwa ikiyafanya membamba maganda ya mayai yake. Marekani iliipiga marufuku mwaka 1972, na polepole ndege akarudi, tena akachagua kuta za miji kana kwamba ni majabali. Mjini London amezoea kutua kwenye dohani ya kiwanda cha umeme cha zamani kilichogeuzwa nyumba ya sanaa. (Lubumbashi nasi tuna dohani yetu, kando ya ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba; kozi wa Afrika akiipenda, hataomba ruhusa.) Kinda la kozi huruka kwa mara ya kwanza likiwa na wiki sita hivi, na mengine huangukia barabarani. Walinzi wale hulifunika kwa taulo, hulitia kwenye sanduku, hulikagua bawa, kisha hulirudisha juu ya paa, wazazi waendelee kulilisha. Basi. Hawalibembelezi, hawalipi jina la nyumbani, hawaendi nalo kwao. Wale waliofuga makinda ili kuyarudisha porini walikwenda mbali zaidi: nyama ilidondoshwa kupitia bomba, kinda lisije likauona mkono wa mtu na kuushika akilini kama mkono wa mzazi. Mlinzi wa kozi hufaulu pale ambapo ndege hajui kabisa kwamba alilindwa.

Mlezi wa Lubumbashi hana bahati hiyo. Kinda la kozi bado lina wazazi juu ya paa. Sokwe wake hana mtu. Akimpa nyama kwa bomba atamuua, akimpa kifua chake chote atamharibu, kwani sokwe aliyeamini kuwa yeye ni binadamu atakua dume mwenye nguvu zisizozuilika na asiyejua salamu ya wenziwe. Kwa hiyo hukumbatia akihesabu. Mtoto akianza kushiba na kucheka, ile pumzi ya haraka haraka, mlezi anaanza kujipunguza: anamweka karibu na mtoto mwingine, anaketi hatua mbili mbali, kesho tano. Baadaye mtoto anaonyeshwa wakubwa kupitia wavu, wananusana vidole, wanatishana, wanazoeana, na siku lango linapofunguliwa mlezi yuko upande wa nje. Mtoto akilia, ndipo unapoujua ufundi. Mwenye huruma tupu angeingia. Fundi husikiliza kilio ni cha aina gani. Kama ni cha hofu ya kweli ataingia, kama ni cha kudeka atabaki alipo, hata kama yeye mwenyewe anafuta macho.

Kaskazini, Rumangabo, katika Hifadhi ya Virunga, dunia iliona upande wa pili wa sarafu hii. Gorila wa mlimani aitwaye Ndakasi aliokotwa mwaka 2007 akiwa na miezi miwili, amemng'ang'ania mama yake aliyekwisha kuuawa kwa risasi. Mlezi André Bauma alilala naye kifuani usiku ule wa kwanza, akamlea miaka 14, na mwezi Septemba 2021 Ndakasi akafa kichwa kikiwa kifuani pa mtu yuleyule. Picha yao wakikumbatiana hivyo iliwaliza wengi. Lakini aliyetazama picha pekee amekosa kazi iliyofanyika katikati: miaka yote hiyo Ndakasi aliishi na gorila wengine, akicheza nao na kugombana nao. Bauma alikuwa mwanzo na mwisho wake; katikati aliwaachia wenyewe.

Sasa pingamizi, na ya kwanza ni nzito. Mji huu una watoto wa binadamu wanaolala sokoni, nanyi mnamnunulia sokwe maziwa ya kopo? Sitaikwepa kwa kusema kwamba fedha hizo ni za wafadhili waliozitoa kwa ajili ya wanyama, ingawa ndivyo. Jibu langu ni kwamba mtoto wa sokoni na mtoto wa sokwe hawagombei kopo moja. Wanaonyimana ni wengine: kopo la mtoto wa mtaani limeliwa na waliokula migodi, na ukifunga makao ya yatima wa mwituni leo, kesho hakuna tone litakalomfikia. Tena wanaofanya kazi pale ni wana na mabinti wa mji, wanaorudi jioni na mshahara. Pingamizi ya pili inanisumbua zaidi: sokwe hawa hawarudi msituni, kwa hiyo umewatoa kifungo kidogo ukawatia kifungo kikubwa. Ni kweli kwa wengi wao. Sokwe wa porini huua wageni wanaoingia kwenye eneo lao, na aliyezoea watu atakwenda kijijini kutafuta chakula, aumize au aumizwe. Kurudisha kunawezekana pakipatikana msitu mtupu na ulinzi. Congo-Brazzaville walianza kuwarudisha huko Conkouati mwaka 1996, na mwaka 2009 makao ya Lola ya Bonobo ya Kinshasa yaliwapeleka bonobo wa kwanza katika misitu ya Équateur. Katanga haina msitu wa namna hiyo wa kutoa. Kwa hiyo uzio unabaki, na fundi mkweli huuita uzio. Anachoweza kutoa ni kundi, na kwa sokwe kundi ni zaidi ya nusu ya msitu. Ndiyo maana pia makao ya aina hii hayawazalishi: majike hupewa dawa ya uzazi wa mpango, ili pasizaliwe mfungwa mpya kwa ajili ya furaha ya watazamaji. Huko nako ni kukataa.

Gharama ya kukataa ilionekana hadharani alfajiri ya tarehe 9 Septemba 2022. Watu waliingia J.A.C.K. usiku, wakaiba watoto watatu kati ya watano wa chumba cha wachanga: César, Hussein na Monga. Baadaye wakatuma video ya watoto hao na kudai fidia kubwa, pamoja na vitisho. Haikuwa mara ya kwanza kwa mahali pale kushambuliwa. Mwaka 2006 bweni la wachanga lilichomwa moto na wawili kati ya watano wakafa, na mwaka 2013 moto ukatiwa kwenye kituo cha elimu ambako wanafunzi hufundishwa juu ya wanyama. Safari hii walitakiwa pesa, na Chantereau akasema wazi kwamba hatalipa: hawana kiasi hicho, hakuna hakika ya kurudishiwa watoto, na akilipa makao mengine yote ya Afrika yatakuwa yametangazwa bei. Wako waliomwona mkatili. Mimi naona ni kanuni ileile ya siku ya kwanza, ile ya kutomlipa mwindaji, safari hii ikishikwa mbele ya watoto wenye majina waliokuwa wakilala kifuani mwa walezi wa nyumba ile. Anayedhani kukataa huko kulitokana na moyo mgumu hajawahi kulea kitu.

Kazi haijapungua. Mwaka 2020 Zimbabwe ilikamata shehena ya kima waliovushwa kutoka Kongo, na mwaka uliofuata walirudishwa, zaidi ya 20, wakapokelewa palepale Lubumbashi. Walezi wakaanza tena na vizimba vya karantini, barakoa na chupa. Wewe msomaji, siku ukionyeshwa mtoto wa sokwe kando ya njia ya Kasumbalesa, au ndani ya ua wa mtu, na kamba kiunoni, usimnunue hata kwa nia ya kumwokoa, wala usimbebe wala kupiga naye picha ya kuwatumia rafiki. Shika mahali, saa, na namba ya gari, uende navyo kwenye ofisi ya mazingira ya mkoa au ya ICCN, taasisi ya taifa ya kuhifadhi asili. Sheria ya Februari 2014 ya kuhifadhi asili iko upande wako.